Masizi Upande wa Bahari

"Usilishike kwa mikono miwili," Shangazi alionya. "Litakuchafua mpaka viwikoni, halafu lawama zinirudie mimi."

Mkaguzi alilichukua shuka kwa ncha za vidole, akaliinua penye mwanga. Walikuwa juu ya paa la kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, saa tatu asubuhi, na kamba za kuanikia zilikuwa tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Shuka lilijaa vitone vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta. Alipokipitishia kimoja kidole hakikupukutika kama majivu. Kilijivuta, kikaacha mstari wa kahawia wenye mafuta.

"Hili lilianikwa siku gani?"

"Siku ile mtoto alipozimia. Nililificha. Nilijua: kaka yangu akikamatwa, hakuna atakayeniuliza mimi."

Jina la Shangazi alikuwa amepewa na watoto wa kaka yake, wafanyakazi arobaini wakaliiga, na sasa hata daktari mkuu akipiga simu kuulizia mashuka alimwita hivyo hivyo. Kaka yake ndiye aliyekuwa mchochea boila wa kiwanda, mzee wa miaka sitini na mbili, na hii ilikuwa siku yake ya nne rumande.

Kisa chenyewe kilikuwa kimesimuliwa mtaa mzima mpaka kikapata mikono na miguu. Kwa miezi miwili watoto wa shule ya msingi iliyo jirani na bandari walikuwa wakikohoa mchana, wakipona, kisha wakikohoa tena. Wiki iliyopita msichana wa darasa la tatu alibanwa na pumu akiwa darasani, akaanguka, akalala siku mbili akipumua kwa mashine. Watu wakatafuta moshi. Wakatazama juu, wakaona bomba la boila. Polisi walipopekua wakakuta nyuma ya boila nusu ya tairi, limeungua ukingoni. Basi, mchochea anachoma matairi. Alipokamatwa, kikohozi kikakoma siku hiyo hiyo, na mtaa ukasema: mmeona?

Jalada lilifika mezani kwa Mkaguzi wa mazingira jana jioni, na agizo fupi la mkubwa wake: "Malizia ripoti, kesi inasomwa keshokutwa asubuhi." Mkaguzi alikuwa na kasoro moja iliyomkera sana mkubwa wake. Hakuweza kumalizia jambo ambalo hakulianza mwenyewe.

"Nieleze kuhusu tairi," alisema.

"Tairi la nini tena! Lile ni kizuizi cha toroli la majivu. Toroli likishuka lile tuta bila kizuizi, linamvunja mtu miguu. Majivu ya moto yakimwagika, tairi linaungua ukingo. Lipo pale tangu mimi sina mvi hata moja."

"Polisi uliwaambia?"

"Niliwaambia. Waliandika: ndugu wa mtuhumiwa alikuwa akipiga kelele."

Mkaguzi alitabasamu kidogo, kisha akaligeuza shuka. Upande wa pili ulikuwa safi kabisa. Mhuri mwekundu wa hospitali ulikuwa pembeni, na hapakuwa na kitone hata kimoja.

"Unaanikaje mashuka, Shangazi? Mhuri unatazama wapi?"

"Mtaani. Siku zote. Mwizi akichungulia aone ni mali ya hospitali, akaibe kwingine."

"Siku zote?"

"Msichana aliyegeuza shuka moja tu mwaka juzi, mpaka leo akinisikia nakohoa anaruka."

Mkaguzi aligeuka, akaangalia bomba la boila. Lilisimama upande wa mtaa. Kisha akageukia upande wa pili, ule ambao uso mchafu wa shuka ulikuwa umeutazama. Nyuma ya ukuta wa paa kulikuwa na barabara, uzio wa bandari, korongo tatu za kupakulia mizigo, na bahari.

Akalikunja shuka taratibu, masizi yakiwa ndani, akalitia kwenye mfuko wa karatasi na kuubandika lakiri.

"Shangazi, sema ukweli wako wote polepole, niuandike. Safari hii hakuna atakayeandika kelele."

*

Mkemia wa maabara ya idara alikuwa mtu mwembamba mwenye tabia ya kuibembeleza mashine yake kama mke aliyenuna. Aliinyunyizia vumbi la shuka, akaisemesha, akasubiri. Saa tano kasorobo akazungusha kiti.

"Unataka habari ndefu au fupi?"

"Fupi ya kuniridhisha, ndefu ya kuandika."

"Fupi: si tairi. Tairi likiungua huacha zinki tele, kwa sababu kiwandani raba hupikwa kwa zinki. Humu zinki hakuna ya kutajika. Ila kuna madini mawili mengine, vanadi na nikeli, na yameongozana kama pacha. Hao pacha ukiwakuta pamoja kwa wingi namna hii, wametoka kwenye mafuta mazito. Yale masalio meusi ya mwisho kabisa, mafuta mengine yote yakishachujwa."

"Boila la kiwanda linatumia kuni."

"Kuni hazina ukoo nao. Gari nalo halitumii, mafuta hayo ni mazito kama lami. Ni meli, mama. Meli kubwa."

"Lakini sheria inakataza meli kuyachoma ikiwa bandarini. Hubadili na kuweka mafuta mepesi kabla haijaingia."

Mkemia akainua mabega. "Sheria inakataza. Shuka linasema."

*

Ofisi ya uongozaji wa meli ilikuwa ghorofa ya tatu, vioo pande zote. Mkaguzi alikunjua nakala ya daftari la wagonjwa aliyopewa na mwalimu mkuu. Siku tano zilizungushiwa kalamu nyekundu, siku za kikohozi, na zote saa za mchana, upepo unapoanza kuvuma kutoka baharini kuingia mjini. Karani wa gati, kijana mwenye tai iliyofungwa kwa haraka, akafungua rejesta yake, wakaanza kulinganisha siku baada ya siku.

Meli nyingi zilijitoa zenyewe. Hii haikuwepo mara ya kwanza, ile haikuwepo mara ya nne. Walipofika siku ya tano vilikuwa vimebaki vyombo viwili tu: tagi ya bandari, ile boti nene ya kuvuta meli, na meli moja ya kijani ya makontena ya baridi, ambayo hufunga gati namba nne.

"Mimi ningeanza na tagi," karani alisema. "Tunaiita Kikongwe. Tazama pale."

Kikongwe alikuwa akikatiza bandarini huku akitema moshi mweusi tii, kama mtu aliyeudhiwa.

"Na meli ya kijani iliondoka lini mara ya mwisho?"

Karani akapitisha kidole. "Jumapili, saa nane mchana."

Mkaguzi akafungua jalada. Jumapili, saa nane mchana, ndipo polisi walipomtia mchochea boila pingu. Kikohozi kilikuwa kimekoma siku hiyo, ni kweli. Ila wawili, mzee na meli, walikuwa wameondoka kwa pamoja, na mtaa ulimwona mmoja tu.

"Sasa iko wapi?"

"Imerudi alfajiri ya leo. Inaondoka saa kumi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na nusu.

Hata hivyo alianza na tagi, kwa sababu mpelelezi akiacha mlango mmoja wazi nyuma yake, wakili atapita hapo hapo. Nahodha wa Kikongwe alimpokea gatini akiwa na kitambaa begani na kicheko mdomoni.

"Umekuja kunikamata kwa moshi? Panga foleni, mama. Wamekutangulia ndege, wavuvi, na mama mkwe wangu."

"Unatumia mafuta gani?"

"Dizeli, kama lori. Moshi ni mweusi kwa sababu injini imechoka, si kwa sababu ya mafuta. Moshi wangu unaonekana, kwa hiyo kila dhambi ya bandari hii ni yangu."

"Mwezi uliopita, tarehe sita na tarehe kumi, ulifanya kazi?"

"Kazi gani? Kuanzia tarehe tatu mpaka kumi na mbili nilikuwa juu ya nchi kavu, chombo kimepandishwa kupakwa rangi. Muulize fundi rangi, ananinunia mpaka leo."

Rejesta ya karani ilikuwa imeandika tagi ipo kwa sababu tu hakuna aliyeandika kwamba haipo. Mkaguzi akaomba hati ya matengenezo, akaisoma mstari kwa mstari, akaipiga picha. Tarehe mbili kati ya tano zilikuwa ndani yake. Kikongwe alikuwa ameachiwa huru.

Nahodha akakunja uso kwa mara ya kwanza. "Mama, moshi wangu unapaa, unajionyesha. Ule wa gati namba nne ni mwembamba, wa kijivu, unateleza juu ya maji kama nyoka. Meli ile ikifunga kamba, vijana wangu hufunga vitambaa puani. Nenda, lakini nenda upesi."

*

Mhandisi mkuu wa meli ya kijani, ambaye mabaharia walimwita Chifu, alimngoja juu ya ngazi. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, sare yake imepigwa pasi, macho mekundu. Nyuma yake alisimama msaidizi wake, mhandisi wa pili, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kazi, ambaye hakusema neno.

Karatasi zilikuwa mezani tayari. Daftari la injini lilisema meli ilibadili mafuta mazito na kuweka mepesi saa kumi usiku, maili ishirini kabla ya bandari. Sahihi ilikuwepo. Chupa ya sampuli yenye lakiri ilikuwepo pia, mafuta yake safi kama chai ya rangi.

"Kama unavyoona," Chifu alisema, "sisi ni watu wa utaratibu."

"Naona. Kwa sasa injini ipi inafanya kazi?"

"Injini kubwa imezimwa. Jenereta mbili zinazalisha umeme wa makontena ya baridi."

"Kwa mafuta mepesi."

"Kwa mafuta mepesi."

"Nipelekeni kwenye jenereta."

Chifu akatazama saa. "Ni chini sana, mama, kuna joto na kelele. Chupa ile si inatosha?"

"Chupa inaniambia kilichokuwa ndani ya tangi siku ilipojazwa. Mimi natafuta kinachoungua leo."

Walishuka ngazi tano za chuma. Kelele ilikuwa ya kutetemesha meno, wakaziba masikio na kuzungumza kwa kupiga mayowe. Mkaguzi alifuata bomba la mafuta kwa macho, kutoka ukutani mpaka kwenye jenereta ya kwanza. Lilikuwa limevikwa sufi ya kuzuia joto, ila shingo ya vali ilikuwa wazi. Karibu nalo, shibiri moja tu, lilipita bomba jingine la mafuta ya kulainishia.

Alitoa chupa yake ya maji ya kunywa, akachovya kidole, akadondosha tone moja juu ya shingo ya vali.

Tone likaruka, likalia *chsss*, likatoweka.

Akadondosha jingine juu ya bomba la jirani. Likakaa. Likang'aa pale pale kama jicho.

Mkaguzi akatoa kipimajoto, akakiweka kwenye vali, akamwonyesha Chifu kioo chake: nyuzi mia moja ishirini na sita.

"Bomba lipo karibu na injini!" Chifu alipaza sauti. "Linapashwa joto!"

"Na hili la pili, jirani yake, mbona halipashwi?" Mkaguzi naye akapaza sauti. "Chifu, mafuta mepesi hayachemshwi. Yanatiririka yenyewe. Yanayochemshwa ni yale mazito, kwa sababu yakipoa yanaganda na injini haiyawezi. Fungua vali ya sampuli."

"Imekwama. Tangu mwezi jana."

Mkaguzi alimtazama mhandisi wa pili. Mwanamke yule alisimama akiwa ameinamisha kichwa, kisha akavuta spana kutoka mfuko wa ovaroli yake, akapita katikati yao, akaizungusha vali kwa mkono mmoja. Haikuwa imekwama hata kidogo. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kizito, chenye mvuke, kikaingia kwenye chupa ya Mkaguzi polepole kama asali ya shetani.

Chifu aliketi juu ya ngazi ya chuma. Akavua kofia.

Walipopanda kwenye chumba cha udhibiti na mlango ukafungwa, kelele ikabaki nje. Chifu ndiye aliyeanza, bila kuulizwa.

"Pampu ya mafuta mepesi ilikufa. Miezi miwili sasa. Niliandika makao makuu mara tatu. Mara ya tatu wakanijibu, kama kazi imekushinda wapo wengine. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nikasema, safari hii tu. Halafu ikawa kila safari."

"Na daftari?"

"Mkono wangu. Huyu alikataa kutia sahihi."

"Nilikataa," mhandisi wa pili alisema. "Lakini sikusema. Kukataa na kusema si kitu kimoja, najua."

"Mnajua upepo wa mchana unapeleka wapi moshi wenu?"

"Mjini," Chifu alisema.

"Shuleni. Kuna mtoto alikaa siku mbili kwenye mashine. Na kuna mzee wa miaka sitini na mbili amelala sakafuni kituoni kwa moshi wenu."

Chifu alifunika uso. Alipouonyesha tena ulikuwa wa mtu mwingine, umelegea, kama wa aliyeshushiwa gunia. "Nipe karatasi, mama. Niandike mwenyewe, niandike yote. Sijalala vizuri tangu pampu ile ife."

Kurasa nne aliziandika. Mhandisi wa pili alitia sahihi ya ushahidi, safari hii bila kusita. Saa tisa na dakika kumi mkuu wa bandari akasaini hati ya kuizuia meli. Likabaki swali la moshi wenyewe: umeme ukizimwa, makontena yote ya chakula yangeoza. Ndipo nahodha wa Kikongwe alipojitokeza kwenye redio ya bandari, ambayo ni wazi alikuwa akiisikiliza kwa masikio yote mawili.

"Ninayo pampu ya akiba," alisema. "Ni mbovu kidogo kama mimi, lakini inasukuma."

Kikongwe akajivuta mpaka ubavuni mwa meli ya kijani. Mhandisi wa pili mwenyewe ndiye aliyefunga mipira ya kuunganisha, na nusu saa baadaye ule moshi wa kijivu ukaanza kukonda, ukawa uzi, ukawa mtetemo tu wa hewa juu ya bomba. Wapakuzi wa gati walisimama kutazama. Mmoja akafungua kitambaa puani, akavuta pumzi ndefu, akapiga chafya kwa mshangao. Wenzake wakacheka.

Mkaguzi alimpigia simu mkubwa wake.

"Ripoti umemaliza?" sauti iliuliza.

"Nimemaliza. Ila siyo ile uliyoitaka."

Mkubwa, kwa sauti ambayo Mkaguzi hakuwahi kuisikia kwake, akasema, "Mjukuu wangu anasoma shule ile. Ilete mkononi kwangu, nikampigie mwendesha mashtaka mwenyewe."

*

Saa kumi na moja mchochea boila alitoka kituoni, viatu vyake mkononi, mkanda begani. Alikuwa mrefu kuliko Mkaguzi alivyodhani, na kope zake zilikuwa zimeungua zamani kwa moto wa kazi. Dada yake alimkamata mikono, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo iliyotoka kufuliwa.

"Umekonda."

"Siku nne tu, dada."

"Umekonda! Gari la kiwanda hili hapa, panda twende."

Mzee aliketi kwenye ngazi, akavaa viatu bila haraka, akasimama. "Mimi natembea. Nataka nitembee mpaka nichoke kwa hiari yangu."

Basi wakatembea wote watatu, dereva akiwafuata nyuma kwa gari tupu kama msindikizaji wa harusi. Habari zilikuwa zimewatangulia. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi kumpa mkono. Fundi viatu alisimama. Mchochea alijibu salamu zote moja moja, lakini walipokaribia nyumba yenye mlango wa buluu alipunguza mwendo, na Shangazi akamshika kiwiko.

Hapo ndipo alipokaa mama wa yule msichana. Siku polisi walipokuja, mama huyo alikuwa amesimama barabarani akampigia kelele mzee mbele ya watu wote, akamwita muuaji, na mzee hakuwa amemjibu.

Mlango wa buluu ukafunguka kabla hawajaufikia. Mama alisimama kizingitini, binti yake amejibanza ubavuni, mwembamba, macho makubwa, pumzi zake zikienda na kurudi bila kelele. Mama alifungua kinywa, maneno yakamkataa. Alijaribu tena, yakamkataa tena.

Msichana akamtazama mama yake, akaona hapa hakuna msaada, akapiga hatua moja mbele.

"Shikamoo, babu," alisema.

Mzee aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu. "Marahaba."

Na mama, akilia sasa waziwazi, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akawapisha waingie.